Njuki, Mtunza Hatua za Korongo

Pale Kianjokoma kila mtu alijua kwamba Njuki wa Ndambiri hutazama miguu kwanza, uso baadaye. Ukikutana naye kwenye njia ya kwenda sokoni, kabla hajakuamkia atakuwa ameshaona kwamba kisigino chako cha kushoto kinaburura, na kama alikupenda atakuambia. Wengine walikasirika. Wengi walijirekebisha, wakaenda zao.

Hakuwa mganga wala askari. Alikuwa mkulima wa kahawa mwenye miti mia moja na kitu, mume wa Phyllis, ambaye alikuwa mwimbaji wa kanisani na hakupenda ngoma hata kidogo. Lakini alasiri za Jumanne na Jumamosi Njuki aliacha jembe, akachukua fimbo yake, akaenda kuwafunza watu ngoma ya Korongo.

Korongo ilichezwa juu ya mironjo, ile miti mirefu inayofungwa miguuni mpaka mtu anatembea juu kuliko paa la nyumba ya nyasi. Aliyeitunga ni Kithaka, mwenzake Njuki wa rika moja, aliporudi kutoka vita vya Burma. Kithaka alichanganya ngoma ya wazee na kwata ya jeshi, akatia mwendo wa ndege mwenye miguu mirefu anayeshuka mtoni. Wachezaji walikuwa kumi na wanne, njuga zimefungwa kwenye mironjo badala ya vifundoni, na walipogeuka wote kwa pamoja ungedhani msitu umeamua kuhama.

Njuki mwenyewe alicheza mwaka mmoja tu. Mwaka wa 1947 mronjo wake ulizama kwenye shimo la fuko, akaanguka, goti likavunjika na halikupona sawasawa. Tangu siku hiyo alibaki chini. Na ni huko chini watu walipogundua kipaji chake. Kithaka alikuwa mtu wa kutunga, na kama watungaji wengi alisahau leo alichokitunga jana. Njuki hakusahau. Alizijua hatua za wachezaji wote kumi na wanne, nani anaanza na mguu gani, nani anampisha nani, wapi mstari unapinda. Mmoja akiugua au akienda kutafuta kazi kwa walowezi wa Thika, Njuki alimtwaa mwingine, akamfunza nafasi ile kwa wiki mbili, na watazamaji hawakutambua tofauti. Watu walisema, Kithaka ndiye aliyezaa, Njuki ndiye aliyelea.

Alikaa kwenye jiwe, akigonga ardhi kwa fimbo. Hakupiga mtu, na hakusifu mtu. Ulipokosea alisema, "Tena." Ulipopatia alinyamaza.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, ngoma zilikatazwa bila kibali. Korongo ikanyamaza, lakini haikufa. Walikutana watatu watatu nyuma ya mashamba ya migomba, bila ngoma, bila njuga, bila mironjo, wakipita hatua kwa miguu mitupu huku Njuki akihesabu kwa kunong'ona.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1954 Kithaka alimkuta Njuki akipogoa kahawa. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Nimepata mwisho mpya," alisema. "Ule wa zamani ulikuwa unanisumbua. Korongo anakunywa maji, kisha anaondoka tu kama mtu aliyeitwa na mkewe. Sasa nimejua anaondokaje."

"Nionyeshe."

"Bado nausugua. Jumamosi utauona."

Jumamosi haikufika. Alhamisi asubuhi wakaja askari mmoja na hom gadi wawili, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, wakamchukua Kithaka kwa madai kwamba ngoma zake ni za kuwaita watu wale kiapo cha waasi wa msituni. Mmoja wa wale hom gadi alikuwa Munyi. Huyo Munyi alikuwa mchezaji wa nafasi ya tatu katika Korongo, kijana mwenye mapaja kama ya farasi, na ukimtoa Kithaka hakuna aliyemshinda juu ya mironjo. Njuki alisimama kando ya njia akawaona wakipita. Kithaka alikuwa amefungwa mikono. Munyi alitazama mbele, hakugeuza shingo.

Mwaka uliofuata watu waliamriwa watoke kwenye mashamba yao wakaishi pamoja katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye mianzi iliyochongwa. Nyumba za zamani zilichomwa. Siku moja kabla ya moto, Njuki aliichukua mironjo yote, jozi kumi na nne, akaichomeka shambani kwenye viazi vikuu, akaizungushia vitawi vyake. Wachomaji walipita hapo, wakaona miti ya kuegemeza viazi, wakaenda zao. Phyllis aliiona, akatikisa kichwa.

"Umeokoa miti, vitanda vyetu vikaungua," alisema.

"Vitanda nitachonga vingine," Njuki alijibu.

"Na miti?"

Njuki alichukua panga, akaenda kutafuta mbao za vitanda.

Basi maisha yakawa ya handaki. Kila asubuhi wanaume na wanawake walikwenda kazi ya lazima, kuchimba na kufyeka ukingo wa msitu, na alasiri walipewa saa chache za kwenda mashambani kabla ya kafyu. Wambeti, mke wa Kithaka, alikuwa miongoni mwao, na binti yake Nelius mgongoni mpaka mtoto alipoweza kutembea. Habari za Kithaka hazikuja.

Mwaka wa 1956 Njuki aliitwa ofisini kwa chifu. Alikwenda akiwa amemuaga Phyllis vizuri, maana siku zile ukiitwa hujui utarudi lini. Alimkuta Mzungu kijana, bwana wa maendeleo, mwenye kofia mapajani.

"Wewe ndiye mwalimu ya ngoma ya miguu mrefu?" Mzungu aliuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Iko shoo kule Embu mwezi ya tisa. Mimi nataka watu waone ngoma mzuri. Lakini hapana siasa."

"Korongo haina maneno, Bwana. Ina miguu tu."

Mzungu alicheka. Chifu naye akacheka. Njuki hakucheka, kwa sababu alikuwa anahesabu. Kati ya wale kumi na wanne walibaki watano. Wanne walikuwa kizuizini, watatu msituni au wamekufa, hakuna aliyethubutu kuuliza, na wawili walikuwa hom gadi.

"Nitahitaji watu wapya," alisema, "na saa mbili kila Jumanne na Jumamosi. Na siku hizo watu wangu wasichimbe handaki. Mtu aliyechimba tangu alfajiri hawezi kusimama kwenye mironjo, ataanguka auawe na mbao."

Chifu alikunja uso, lakini Mzungu aliandika kwenye daftari na kusema, "Sawa."

Habari hiyo iliruka kijijini kama cheche kwenye nyasi. Jumanne ya kwanza walikuja watu thelathini na wawili kwenye uwanja wa shule, na Njuki alijua kwamba nusu yao walifuata ile ruhusa ya kutochimba. Aliwapitisha mmoja mmoja, waende na kurudi. Alichagua wachezaji wanane. Kisha akachagua wapiga ngoma, na waimbishaji, na mwisho akachagua watu sita wa kupiga makofi, wakiwemo ajuza wawili na mzee mmoja kipofu, ambao Korongo haikuwa imewahi kuwahitaji. Alipoulizwa na karani wa chifu ni wa nini, alisema bila makofi wachezaji watapoteza mapigo. Ulikuwa uongo. Phyllis aliposikia, kwa mara ya kwanza alimtengea mumewe chakula siku ya mazoezi bila kunung'unika.

Wambeti alikuwa katika waimbishaji.

Wale hom gadi wawili walikuja pia. Mmoja Njuki alimkataa waziwazi kwa sababu alikuwa amenenepa. Munyi hakuweza kumkataa. Alipopanda mironjo kutoka kwenye paa la shule na kupiga hatua tatu, uwanja wote ulinyamaza. Miaka miwili ya bunduki haikuwa imemharibu. Njuki alikaa kwenye jiwe lake, na mara ile ile alijua kwamba katika watu wote waliokuwepo, ni huyu tu awezaye kucheza nafasi ya mbele, nafasi ya Kithaka.

Kwa wiki mbili alijaribu wengine. Mmoja alikuwa na nguvu bila masikio, mwingine masikio bila nguvu. Siku ya mwisho alimwita Munyi.

"Utasimama mbele."

"Watu watasema."

"Watasema. Wewe piga hatua."

"Mwalimu, mbona hunisalimu tukikutana njiani?"

"Njiani sina kazi nawe," Njuki alisema. "Kazi yangu nawe iko hapa. Anza na mguu wa kushoto."

Sasa likaja lile la mwisho mpya. Mtu mwingine angetumia ule mwisho wa zamani na kumaliza kazi. Njuki hakuweza. Mwenye ngoma alikuwa amesema ule wa zamani si wake tena, na Njuki aliona kuuonyesha mbele ya watu ni kama kumvisha Kithaka nguo alizokwisha kuzitupa. Alikumbuka kwamba Kithaka alipokuwa akitunga alikuwa na desturi ya kumpa mkewe debe ampigie mapigo. Kama kulikuwa na mtu aliyeujua mwisho ule, ni Wambeti.

Alimkuta shambani akipalilia kahawa.

"Mama Nelius, habari za kazi?"

"Nzuri, Baba. Umekuja kutazama miguu yangu?"

"Nimekuja kuomba. Kithaka alikuwa na mwisho mpya wa Korongo. Ulimpigia debe?"

Wambeti aliendelea kupalilia. "Nilimpigia."

"Nifunze."

"Atacheza nani?"

Njuki angeweza kudanganya, maana siku ilikuwa bado. "Munyi," alisema.

Mama yule alisimama, akafuta jembe kwa kidole gumba polepole. "Mtu aliyemfunga mume wangu kamba. Unataka nimpe miguu yake pia?"

"Nataka ngoma isipotee. Kithaka akirudi aikute."

"Na asiporudi?"

"Basi ndiyo kabisa isipotee."

Wambeti alitema mate kando, akarudi kwenye magugu. Njuki aliondoka. Phyllis alimwambia amefanya vibaya kwenda, na yeye mwenyewe alianza kuamini hivyo. Lakini Jumamosi, mazoezi yalipokwisha na watu kutawanyika, Wambeti alibaki na debe mkononi.

"Hatua tisa," alisema. "Sikiliza."

Alipiga, na Njuki alifuata kwa vijiti viwili vifupi mchangani, kimoja mguu wa kulia, kimoja wa kushoto, jinsi alivyozoea kuhifadhi. Korongo anainama kwa mguu mmoja kama anywaye. Anashtuka. Anageukia kulia, anapiga hatua tisa, anainua mabawa. Ulikuwa mwisho mzuri. Alirudia mara tatu.

"Kwa nini umekubali?" alimuuliza.

"Nimechoka kuchimba," Wambeti alijibu. "Ngoma ikikataliwa huko Embu tutarudi wote handakini."

Mwezi wa tisa walipelekwa Embu kwa lori. Kulikuwa na ng'ombe wa maonyesho, mahindi yaliyopangwa kwa mistari, na bendi ya polisi. Korongo ilichezwa baada ya bendi. Hakuna aliyeanguka. Munyi alisimama kwa mguu mmoja, ameinama, muda mrefu kuliko alivyokuwa amewahi katika mazoezi, na uwanja mzima ulikuwa kimya hata ukasikia ng'ombe wakitafuna. Wazungu walipiga makofi. Wachezaji walipewa blanketi moja moja. Njuki, aliyekuwa amesimama nyuma ya ngoma, aliona kosa la mchezaji wa saba na wa kumi, na katika lori la kurudi aliwaambia.

Bwana wa maendeleo akaongeza kibali, mwaka hadi mwaka. Korongo ikawa inachezwa sokoni, inachezwa Meru, mara moja ikachezwa mbele ya wageni kutoka Nairobi. Lile handaki likajaa majani. Wale sita wa makofi hawakuondolewa.

Kithaka alirudi mwezi wa nane mwaka wa 1959. Alikuwa amekonda, kifua kinamsumbua, na goti la kulia halikukunjika. Njuki alikwenda kumjulia hali. Walikunywa uji, wakazungumza habari za kahawa, za mvua, za waliokufa. Kithaka hakuuliza habari za Korongo, na Njuki hakuthubutu kuanza. Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Ana haki," Phyllis alisema. "Mpe muda."

Miezi miwili ikapita. Jumanne moja, wachezaji wakiwa juu, Njuki aliona watu wakipisha upande wa shule. Kithaka alikuja akichechemea, akasimama chini ya mti wa mgrevilea, mikono nyuma. Ngoma hazikusimama, kwa kuwa Njuki hakutoa ishara. Korongo ikapita yote, mstari ukapinda, ukanyooka, na Munyi akatoka mbele. Akainama. Akanywa. Akashtuka, akageukia kulia, akapiga zile hatua tisa.

"Si hivyo!"

Sauti ya Kithaka ilikuwa imepasuka, lakini ilisikika. Ngoma zikanyamaza. Mtu aliye juu ya mironjo hawezi kukimbia wala kujificha. Munyi alirudi kinyumenyume mpaka paa la shule, akashika mabati, akabaki amesimama hapo juu mbele ya watu wote.

"Korongo hageuki kulia," Kithaka alisema. "Kulia ndiko kwenye mto, ataingiaje majini? Na hatua si tisa. Nani amefunza haya?"

Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Njuki neno hilo. Aliinuka kutoka kwenye jiwe.

"Ni mimi. Mimi nilifunzwa na Mama Nelius."

Watu wakamgeukia Wambeti. Alikuwa kati ya waimbishaji, na hakuinamisha kichwa.

"Nilimpa Munyi kitu cha kuchezea," alisema kwa sauti ya kawaida. "Chako nilikuwekea. Hatua saba, kushoto. Sijasahau hata moja."

Kisha Kithaka akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi mzee kipofu amshike bega. Njuki hakuona la kuchekesha. Miaka mitatu alikuwa ametunza uongo kwa uangalifu mkubwa kuliko watu wengi wanavyotunza ukweli.

Kithaka alipopata pumzi alikwenda mpaka pale ukutani. Akaushika mronjo wa Munyi kwa mikono miwili, jinsi mtu ashikavyo ili mwenzake ashuke salama. Munyi alifungua kamba, akatelemka, wakawa uso kwa uso.

"Kithaka, siku ile..."

"Siku ile naijua. Nilikuwepo."

Kithaka alimgeukia Njuki.

"Njoo na vijiti vyako. Nitakupa wewe ule mwisho, siyo yeye. Ukishaujua, utampa unayetaka. Hiyo ni kazi yako, haijawahi kuwa yangu."

Walikaa mchangani wawili, vijiti mkononi, mpaka jua likakaribia kilima. Korongo aligeukia kushoto. Zilikuwa hatua saba, ya tano imecheleweshwa kidogo kama ndege asiyeamini alichosikia. Njuki aliona mara moja kwamba Wambeti alikuwa amewapa mwisho mzuri, lakini huu ulikuwa mwisho wenyewe.

Alikaa na mwisho huo wiki tatu bila kumpa mtu. Alijaribu kijana wa nafasi ya tano, akajaribu wa tisa. Phyllis alimsikia akigonga meza kwa vidole wakati wa kula.

"Unatafuta mtu mwema au unatafuta miguu?" alimuuliza.

"Miguu."

"Basi unajua tayari."

Jumamosi iliyofuata alimpa Munyi. Wambeti alisikiliza mpaka mapigo saba yalipokwisha, akafunga kanga yake, akatoka uwanjani. Hakurudi kuimba tena, na alipokutana na Njuki alipita upande wa pili wa njia. Njuki hakumlaumu. Alijaribu mara moja kupeleka ndizi, zikarudishwa na Nelius. Nafasi yake katika waimbishaji ilichukuliwa na mama mwingine mwenye sauti nyembamba, na ngoma ilipungua kidogo hapo. Njuki alilijua hilo na akalivumilia.

Kithaka hakukosa mazoezi hata siku moja. Hakumsalimu Munyi, wala Munyi hakujisogeza kwake. Lakini hatua ya tano ikiharakishwa, Kithaka alikohoa, na Munyi alirudia bila kuambiwa.

Januari ya 1960 Hali ya Hatari iliondolewa, na kibali hakikuhitajika tena. Muda mfupi baadaye watu wa Runyenjes walituma mjumbe, wakitaka Njuki awafunze Korongo. Alikwenda kwanza kwa Kithaka, akamweleza.

"Wana miguu?" Kithaka aliuliza.

"Sijui bado."

"Nenda ukaone. Mwisho wape ule wa kwangu."

Njuki alikwenda kila Alhamisi, akipanda lori la mkaa asubuhi na kurudi jioni, goti likimuuma. Watu wa Runyenjes walikuwa wazito wa visigino, tena wabishi, na iliwachukua miezi saba kupinda mstari bila kugongana. Mwishowe waliweza, naye akawapa zile hatua saba za kushoto.